SAA YENYE KUPIMA MOYO: TUIAMINI MPAKA WAPI?



Zamani mutu alinunua saa ili asichelewe kuingia kazini. Leo saa za mukononi zimekuwa na maneno mengi: zinahesabu mapigo ya moyo, hatua za miguu, usingizi, oksijeni ya damu. Zingine, hata zile za bei ndogo zenye kuuzishwa kando ya barabara, zinatangaza kwamba zinapima tansio na sukari. Katika dispanseri yetu hakuna juma lenye kupita pasipo mutu kuninyooshea mukono na kusema: "Munganga, angalia, saa inasema niko muzima." Kwa hiyo leo tutajifunza namna saa hizi zinavyofanya kazi, ni wapi zinasema kweli, na ni wapi zinaweza kutupeleka kaburini.

Nianze na jambo lenye kutokea mbele ya macho yangu. Mufanyakazi mumoja wa atelie, baba wa miaka 54, alikuwa anameza dawa za tansio tangu miaka mingi. Alijinunulia saa sokoni, na kila asubuhi saa ilimuonyesha 12 juu ya 8. Akafurahi, akaacha dawa. Nyuma ya miezi miwili akaja kwetu kwa sababu ya kichwa kuuma na macho kuona giza giza. Nikamwambia: "Ikala kwanza, baba, pumzika." Nyuma ya dakika tano nikamufunga mufuko wa masini yetu ya tansio: 19 juu ya 11. Nikajaribu mukono mwingine: vilevile. Saa yake, palepale, ilisema 12 na 8. Akakasirika, lakini si juu ya saa. Alikasirikia masini yangu! "Munganga, chombo chenu kimezeeka."

Nilikuwa na ndizi moja ya chakula changu cha muchana. Nikamuomba saa, nikaifunga kwenye ndizi. Saa ikafikiri kidogo, kisha ikatoa jibu: mapigo 72, tansio 12 na 8. Wagonjwa wenye kungojea walicheka sana. Baba naye alicheka, kisha akanyamaza.

Si saa zote zenye kuwa kama ile. Zingine zimetengenezwa na watu wenye elimu kubwa na zimejaribiwa katika hospitali. Lakini hata zile nzuri zina mpaka wao, na mpaka ule unatoka katika namna yao ya kupima.

SAA INAONA NINI?

Vua saa, igeuze. Utaona taa ndogo zenye kuwaka rangi ya majani, na karibu yao kioo kidogo. Damu inameza mwangaza ule. Moyo unapopiga, mishipa midogo ya ngozi inajaa damu, na mwangaza wenye kurudi unapunguka. Kati ya pigo na pigo, damu inapunguka, na mwangaza unarudi zaidi. Kile kioo ni kama jicho: kinahesabu kupunguka na kuongezeka kwa mwangaza, na ndani ya saa kuna akili ya masini yenye kugeuza hesabu ile kuwa mapigo ya moyo kwa dakika. Jambo hili si la leo. Mwaka 1938 Alrick Hertzman, mutu wa Marekani, aliandika tayari juu ya kupima damu ya ngozi kwa jicho la umeme.

Kwa oksijeni, taa ni za namna mbili: nyekundu, na ingine yenye macho yetu hayawezi kuona. Damu yenye oksijeni na damu yenye kukosa oksijeni hazimezi taa hizi mbili kwa kipimo kimoja. Injinia mumoja wa Japani, Takuo Aoyagi, alitangaza njia ile mwaka 1974. Kutoka kwake tuko na kile chombo kidogo chenye kubana kidole cha mugonjwa katika hospitali.

Basi, saa haigusi moyo wala haionji damu. Inaona kivuli cha damu chini ya ngozi, na inakadiri.

MAPIGO YA MOYO

Hapa saa nzuri inastahili sifa. Mwaka 2017 watu wa universite ya Stanford, Marekani, walijaribu saa na vikuku vya alama 7 juu ya watu 60. Kwa mapigo ya moyo, alama 6 kati ya zile 7 zilikosa chini ya 5 juu ya 100. Lakini kwa kuhesabu nguvu yenye mwili unatumia, ile yenye kushinda zingine ilikosa 27 juu ya 100, na ya mwisho ilikosa 93 juu ya 100. Mwenye kujiongezea chupa ya bia kwa sababu saa imemwambia "umefanya kazi sana leo" anajidanganya.

Tena, kukaa kitini si kufanya kazi. Mwaka 2020 universite ya Duke ilipima watu 53 na kuona kwamba makosa ya saa wakati wa kutembea yalipita yale ya wakati wa kupumzika kwa 30 juu ya 100. Ni watu wenye kutembea tu! Fikiri sasa yule mwenye kushika masini ya kutoboa jiwe, mikono inatetemeka, jasho na vumbi chini ya saa, kamba imelegea. Saa inaweza kuchukua kutikisika kwa mukono na kufikiri ni moyo. Ukiona 170 wakati wa kazi, usiogope mbio, wala ukiona 80 usijisifu. Simama, pumzika, kisha pima kwa vidole.

Hivi: weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mukono upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba, kwa kuwa kina pigo lake chenyewe. Hesabu kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Kwa mutu mukubwa mwenye kupumzika ni kati ya 60 na 100. Kama mapigo hayafuatani vizuri, hesabu dakika nzima na uje kutuona.

Neno hili la mapigo yasiyofuatana lina maana. Kuna ugonjwa ambamo vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka pahali pa kupiga vizuri. Damu inalala ndani, inaganda, kisha kipande kinaweza kupanda mpaka ubongo, na mutu anapooza upande mumoja. Wengi hawasikii kitu mbele ya siku ile. Hapa saa inaweza kusaidia kweli. Katika uchunguzi mukubwa wa Marekani, wenye kutangazwa mwaka 2019, watu 419.297 walivaa saa ya Apple. Saa ilitoa alama ya hatari kwa watu 2.161, maana yake 5 hivi juu ya 1.000. Watu 450 kati yao walivaa kisha plasta ya kupima moyo kifuani kwa siku kadhaa, na ugonjwa ulionekana kwa 34 juu ya 100. Usiseme haraka kwamba wengine walidanganywa, kwa kuwa ugonjwa huu unakuja na kwenda. Wakati saa ilipotoa alama huku plasta iko kifuani, ilisema kweli mara 84 juu ya 100. Kwa hiyo, saa ikikuambia moyo hauendi vizuri, njoo tufanye elektrokardiogramu. Lakini kama kifua kinauma na kubana, usingojee saa iseme kitu. Wenye kuitengeneza wenyewe wanasema haiwezi kutambua moyo wenye kufungwa mushipa.

OKSIJENI: HAPA TUFUNGUE MASIKIO

Mwaka 2020 waganga wa hospitali ya universite ya Michigan walilinganisha kile chombo cha kidole na damu yenye kuchotwa katika mushipa. Walichukua wagonjwa wenye chombo kiliwapa oksijeni kati ya 92 na 96, namba yenye kuonekana si mbaya sana. Kumbe damu ya wengine ilikuwa chini ya 88! Kwa wagonjwa weupe ilikuwa 3,6 juu ya 100. Kwa wagonjwa weusi ilikuwa 11,7 juu ya 100. Rangi ya ngozi inasumbua mwangaza. Na kile ni chombo cha hospitali, si saa. Sisi tuko na ngozi nyeusi, ndugu zangu, habari hii inatugusa sisi kwanza.

Liko jambo la kupita hili, kwa watu wa chini ya udongo zaidi sana. Nyuma ya kupasua baruti, ao mahali pa moto, ao pa injini yenye kunguruma pasipo upepo wa kutosha, kuna gazi yenye kuitwa oksidi ya karboni. Haina harufu, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Mwenye kuivuta anasikia kichwa kuuma, kichefuchefu, magoti kulegea. Kisha analala, na asipotolewa haamki.

Saa inasema nini wakati ule? Inasema 98! Maana gazi ile inafanya damu kuwa nyekundu, na zile taa mbili haziwezi kuitenganisha na oksijeni. Zinahesabu sumu kama oksijeni. Si kosa la saa ya bei ndogo. Saa ya bei kali na chombo cha kidole vinakosa vilevile.

Kwa hiyo, shefu wa kipe asikubali hata siku moja mutu aseme "saa yangu ni nzuri, tuingie" mbele ya wakati wenye kuwekwa nyuma ya baruti. Masini ya kupima gazi hewani ndiyo yenye kutoa ruhusa, pamoja na upepo. Mwenzako akilalamika kichwa, toka naye pamoja kwenye hewa safi. Kama ameanguka ndani, usimukimbilie; ita watu wa uokozi. Na mukifika dispanseri, tuambieni mara moja: "Alikuwa katika moshi." Tutampa oksijeni hata kama chombo cha kidole kinasema 98, na damu yake itapimwa hospitalini.

TANSIO NA SUKARI

Kwa tansio, hata saa ya Samsung, yenye jina kubwa, inaomba mwenye kuivaa aipatanishe na masini ya mufuko kila siku 28. Ni kusema, saa inaazima ukweli kutoka kwa mufuko ule. Zile zenye hazina mufuko wala kupatanishwa zinabahatisha tu, kama ile ya ndizi.

Kwa sukari ni wazi zaidi. Mwezi wa pili 2024, serikali ya Marekani, kwa idara yake yenye kuangalia dawa na vyombo vya uganga, ilionya watu: haijakubali saa wala pete yoyote yenye kusema inapima sukari yenyewe pasipo kutoboa ngozi. Mwenye kujichoma insulini kwa kufuata namba ya saa kama ile anaweza kuzimia kabla ya kufika kwetu.

Neno moja la mwisho juu ya kuvaa: mbele ya mukanda wenye kuzunguka, tambo na masini ya kutoboa, saa yoyote inavuliwa, sawasawa na pete. Chuma kikikamata kamba ya saa kinakokota na mukono.

Yule baba wa atelie amerudilia dawa zake. Juma lililopita alikuwa na 14 juu ya 9, bado tunaendelea. Wenye saa za kupima tansio, njooni nazo dispanseri muchana, nyuma ya posti ya asubuhi. Tutafunga mufuko mukono mumoja na saa mukono mwingine, na namba zote mbili zitaandikwa katika karatasi yako ya matunzo.