Mafunzo Niliyopata kwa CD ya Ubuntu

Mwaka 2008 nilipokea bahasha kwenye sanduku la posta mjini Morogoro. Ndani yake mlikuwa na CD ya Ubuntu 8.04, mfumo endeshi wenye jina la Kusini mwa Afrika ambalo ni ndugu wa neno letu "utu". Ilitumwa bure kabisa. Shuleni nilipokuwa nafundisha tulikuwa na kompyuta kumi na moja za mtumba, zote zimeelemewa na virusi. Kwa CD ile tulizifufua tisa.

1. Kompyuta haianzii kwenye CD mpaka uiambie

Siku ya kwanza niliingiza CD, nikawasha, na Windows ikafunguka kama kawaida. Nikadhani CD ni mbovu. Kumbe bayosi (BIOS), programu ndogo inayoiamsha kompyuta, ina orodha ya mahali pa kutafuta mfumo, na kwetu diski kuu ndiyo iliyotangulia. Nilibonyeza Delete mara tu maandishi ya mwanzo yalipotokea, nikaipandisha CD juu ya orodha. Mashine nyingine hutaka F2 au F12. Soma mstari mdogo chini ya skrini; unapita upesi.

2. Kuchoma CD ya mfumo si kama kuchoma nyimbo

Wenzangu walitaka nakala. Nikachukua faili la ISO, yaani taswira ya CD nzima, karibu MB 700, nikaliweka kwenye CD tupu kama faili lolote. Haikuwaka. Ukifungua CD ukakuta faili moja tu linaloishia na .iso, umekosea. Iliyochomwa sawasawa huonyesha folda kadhaa, zikiwamo casper na isolinux. Katika programu ya kuchomea, chagua kuchoma taswira (image), kwa kasi ndogo, kisha uchague kipengele cha kukagua CD kwenye menyu ya mwanzo. Visomeo vya mtumba vina lenzi zilizochoka.

3. Jaribu kwanza

Mfumo ule uliweza kutumika moja kwa moja kutoka kwenye CD, bila kugusa diski kuu. Hapo ndipo utajua kama sauti inatoka na mtandao unashika. Mashine mbili zenye RAM ya MB 128 zilikwama hapohapo. Ndizo hizo mbili ambazo hazikufufuka.

4. C na D zinaweza kuwa diski moja

Hili liliniumiza, na lilimuumiza zaidi mwenzangu. Mwalimu wa taaluma aliniambia, "Vitu vyangu vyote viko D, huko usiguse." Nikaelewa kwamba D ni diski ya pili. Nilipofika hatua ya nne kati ya saba za usakinishaji, ile ya kugawa diski, nikachagua kutumia diski nzima. Jioni akaja, akatafuta, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, folda ya moko iko wapi?" C na D zilikuwa sehemu mbili za diski moja, na zote nilikuwa nimezifuta. Alama hizo za moko, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, tuliziingiza upya kutoka kwenye karatasi, mwanafunzi mmoja mmoja, kwa siku mbili.

Linux haionyeshi C wala D. Inaonyesha sda1, sda5 na kadhalika. Kwa hiyo linganisha ukubwa wa kila sehemu kwa GB. Tangu siku ile huwa nawasha Ubuntu bila kuisakinisha, nanakili kila kitu kwenye flashi, kisha nafungua mafaili hayo kwenye kompyuta nyingine, mwenye mafaili akiona.

5. Umeme

Umeme ukikatika wakati wa kunakili mafaili ya mfumo, utaanza upya. Ukikatika wakati sehemu ya Windows inapunguzwa ili kuipisha Ubuntu, unaweza kupoteza kila kitu. Kwa hofu hiyo, sisi tulifanya kazi hiyo alfajiri, umeme ulipokuwa haukatiki sana.

Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, iliacha kutuma CD za bure mwaka 2011, na siku hizi Ubuntu haitoshi tena kwenye CD, tunatumia flashi. Lakini chaguo la kufuta diski nzima bado lipo. Kabla hujalibonyeza, mwite mwenye kompyuta aketi pembeni yako, akuonyeshe kila folda anayoihitaji.