SOMO LA LUGHA: Penseli, au Kalamu ya Risasi

Ndugu msomaji, shika daftari lako. Leo tunasoma neno moja tu, nalo ni penseli.

Msimu uliopita wa pamba, mama mmoja wa kijiji cha karibu na Bunda alinionyesha stakabadhi yake. Alikuwa amepimiwa pamba, akaandikiwa kilo 146 kwa penseli. Aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Wiki tatu baadaye alikwenda kudai fedha zake. Lo! Ile 4 ilikuwa imefutika, umebaki mstari mmoja tu uliosimama. Daftari la mnunuzi, nalo la penseli, lilisema 116. Mama yule anajua kusoma, tena vizuri sana. Alilipwa kilo 116, na kilo 30 zikapotea hivyo hivyo.

Basi tulichungue neno hili. Penseli tumelipata kwa Waingereza, nao asili yake waliitoa katika Kilatini, ambako maana yake ilikuwa brashi ndogo ya kuchorea. Dawa ya penisilini tunayochomwa sindano nayo imetoka kwenye neno hilo hilo, kwa sababu ule ukungu unaoitoa, ukitazamwa kwa darubini, una umbo la brashi.

Wazee wetu waliita penseli kalamu ya risasi. Kalamu ni neno la Kiarabu. Zamani kalamu ilichongwa kwa tete, kama matete haya yanayoota ukingoni mwa ziwa pale Musoma. Na risasi je? Ukimwambia askari risasi, atafikiria bunduki. Mvuvi atafikiria vile vipande vizito vinavyofungwa chini ya wavu ili uzame. Lakini pasua penseli uone: risasi haimo! Ule weusi ni madini ya kinywe. Watu wa Ulaya walipoyaona zamani walidhani ni aina ya risasi, na jina likabaki mpaka leo. Mwaka 1795 Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, alipata njia ya kusaga kinywe, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi na kukichoma motoni kama chungu. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na maandishi yake hufifia. Kinywe kipo hata hapa kwetu Tanzania, kwa mfano Mahenge na Ruangwa.

Neno lenyewe linatembea. Akina mama wana wanja wa penseli wa kuchorea nyusi. Fundi cherehani akisema sketi ya penseli, anataka kusema ile nyembamba inayobana. Na ukivuka mpaka pale Sirari, ukasikia Wakenya wanasema fulani amepigwa kalamu, usimtafutie jeraha: amefukuzwa kazi.

Sasa tuje kwenye kazi ya penseli. Seremala wa Butiama anayo penseli yake bapa, anaichomeka sikioni. Imefanywa bapa isije ikaviringika kutoka juu ya ubao. Anachora mstari, akikosea anafuta. Hiyo ndiyo kazi yake hasa: jambo ambalo bado unalifikiria. Barua unayoijaribu kwanza, hesabu ya mbegu na dawa, ramani ya nyumba. Tena penseli haiogopi maji. Anayeandika ndoo za dagaa mwaloni, mikono imelowa, atafanya vizuri kutumia penseli kuliko wino unaosambaa. Ila jioni anakili kwa wino, bwana.

Maana jambo lililokwisha amuliwa halitaki kitu kinachofutika. Stakabadhi ya pamba, hati ya kuuziana ng'ombe, mapatano ya shamba, deni, muhtasari wa mkutano wa kijiji: vyote hivyo ni wino. Na hesabu iandikwe mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno: kilo 146, yaani kilo mia moja arobaini na sita. Tarakimu moja inaweza kufutika au kugeuzwa upesi. Maneno matano ni kazi kuyageuza.

Karani akishika penseli, usigombane naye. Mwambie, "Ndugu karani, naomba uniandikie kwa wino." Akisema hana kalamu, mpe ya kwako. Kwa hiyo siku ya kupeleka pamba nenda nayo. Na kabla hujaondoka kwenye mizani, isome stakabadhi kwa sauti, yeye akisikia.

ZOEZI. Andika sentensi mbili zenye neno risasi, kila moja kwa maana yake. Andika kwa maneno: kilo 208, kilo 319. Kisha fungua mahali unapoweka karatasi zako za nyumbani, uzitazame moja moja. Zilizoandikwa kwa penseli zitenge, uende kwa yule mliyeandikiana naye, mziandike upya kwa wino, kila mmoja atie sahihi.