Hesabu matone kabla hujalaumu dawa

Somo la leo linatoka maabara, ila msiogope, sisi tutalifanyia kwenye ndoo.

Msimu uliopita kijana mmoja hapa Fukayosi, mwenye nusu ekari ya kabichi, alinipigia simu: "Bwana shamba, dawa niliyouziwa ni feki. Nimepiga mara mbili, viwavi wanadunda tu." Nami bila kwenda kuona nikamwambia apige tena, aongeze kipimo. Hapo nilikosea, nakiri. Hela ikaenda, viwavi wakabaki.

Nilipofika shambani nikamwambia apulizie maji matupu kwenye jani moja. Matone yakajiviringa kama shanga, yakadondoka chini. Kumbe muda wote alikuwa anaupulizia udongo!

Kwa nini maji yanakimbia jani?

Chembe za maji huvutana. Zile za juu kabisa hazina wenzao upande wa hewani, kwa hiyo zinavutwa ndani na uso unajikaza kama ngozi nyembamba. Ndiyo maana kuna wadudu wanatembea juu ya maji ya bwawa bila kuzama. Hali hiyo inaitwa mvutano wa uso. Jani la kabichi au la kitunguu lina nta, na nta haipatani na maji. Tone likishajikaza juu ya nta, linateleza. Stika, wengine tunaiita gundi ya dawa, inapunguza mvutano huo, tone linalala na kutandaa.

Maabara wanapimaje?

Njia moja ni mrija mwembamba wa kioo. Ukiuchovya kwenye maji, maji yanapanda yenyewe. Mrija wenye tundu la milimita 1 huyapandisha karibu sentimita 3, na kutokana na kimo hicho wanapiga hesabu. Njia nyingine ni pete ya madini inayovutwa kutoka kwenye uso wa kimiminika huku nguvu ikipimwa. Ya tatu ndiyo yetu, kuhesabu matone. Mwaka 1864 Mwingereza Thomas Tate alionyesha kuwa uzito wa tone linalodondoka kwenye mdomo wa bomba unategemea mvutano wa uso. Mvutano ukipungua, tone linakuwa dogo, na ujazo uleule unatoa matone mengi zaidi.

Fanya hivi

1. Tafuta bomba la sindano la mililita 5, toa sindano yenyewe.
2. Vuta mililita 5 za maji unayotumia shambani. Usitumie ya chupa, maana maji ya kisima yenye chumvi yanaweza kubadili matokeo.
3. Shika bomba wima, mdomo chini. Sukuma polepole, tone moja kila baada ya sekunde mbili hivi. Hesabu mpaka yaishe. Rudia mara tatu, chukua wastani.
4. Changanya stika kidogo kwenye lita 1 ya maji, hesabu tena. Ongeza, hesabu tena. Tumia bomba lilelile.

Jaribio hili ni la maji na stika tu, usiweke kiuatilifu. Vaa glavu, na ukimaliza bomba hilo lisirudi nyumbani kwa watoto.

Kusoma matokeo

Sisi tulipata hivi:

- Maji matupu: matone 82
- Stika nusu mililita kwa lita: matone 151
- Stika mililita 1 kwa lita: matone 190
- Stika mililita 2 kwa lita: matone 193

Mvutano wa maji kwa joto letu la nyuzi 30 ni kama milinyutoni 71 kwa mita. Chukua 71, zidisha kwa matone ya maji matupu, gawa kwa matone ya mchanganyiko: 71 × 82 ÷ 190 ni karibu 31. Umeshuka chini ya nusu.

Sasa angalia mstari wa mwisho. Tumeongeza stika mara mbili, matone yameongezeka matatu tu. Yaani uso umeshashiba, unachozidisha ni hasara. Kwa stika ile, mililita 16 zilitosha bomba la mgongoni la lita 16, na lebo yake iliruhusu kiasi hicho. Yako pima mwenyewe, na lebo usiivuke. Ikizidi, dawa inatiririka badala ya kutandaa, na majani yanaweza kuungua.

Na sabuni ya unga? Achana nayo. Ina magadi, na baadhi ya viuatilifu huharibika kwenye maji ya magadi.

Kuna atakayesema hii si sayansi. Agnes Pockels, mama wa nyumbani kule Ujerumani, alichunguza uso wa maji jikoni kwake, na barua yake ikachapishwa kwenye jarida la *Nature* mwaka 1891. Ndoo na bomba la sindano vinakutosha.

Yule kijana alipiga tena kwa kipimo cha lebo, na stika, akilenga chini ya majani. Vichwa vilivyotobolewa havikupona, tukavihesabu hasara. Majani ya ndani yalitoka safi, akauza yaliyobaki. Mimi nami nimejifunza: nikiambiwa dawa ni feki, kwanza naomba kuona tone likiwa juu ya jani.

Kazi njema.