Watoto wanataka kuona theluji

Swali: Tunaishi Bagamoyo. Watoto wetu, wa miaka 7 na 9, wanataka kuona theluji. Tufanyeje bila gharama kubwa?

Jibu: Nendeni Moshi, siku tatu zinatosha. Msirudi Dar, shikeni barabara ya Msata, mdakie basi pale. Kuigusa theluji sahauni: iko juu Kibo, mlimani Kilimanjaro, kilele chake mita 5,895, na walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kufika huko. Kuitazama ni bure. Amkeni alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Kibanda cha Mandara, huko mlimani, mita 2,720, ni mbali kwa miguu ya mtoto, na theluji hakuna. Mimi ningewapeleka maporomoko ya Kinukamori, Marangu. Bebeni masweta; baridi ya kule si ya pwani.