Tafakuri: Mlima ni Ishara, Wala Si Kibla

Bismillahi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wetu: Je, yafaa Muislamu kukaa peke yake kimya, akafumba macho, akatuliza pumzi zake na kutafuta mwangaza wa roho, kama ifundishwavyo siku hizi vitabuni na katika simu? Wako wazee ambao wakilisikia swali hili hughadhibika, wakasema hayo ni ya watu wa dini nyingine. Nasi twaona kuwa ghadhabu si jawabu. Mtoto asiyepewa maji kwao huenda kuyaomba kwa jirani, na lawama ya kwanza ni ya nyumba iliyouficha mtungi.

Basi na ijulikane kuwa tafakuri ni mali yetu. Kurani, katika Sura ya Aal Imran, yawasifu watu wamkumbukao Mola wao wakiwa wima, wakiwa wamekaa na wakiwa wamelala, kisha wakafikiri juu ya kuumbwa mbingu na ardhi. Imamu Ghazali aliiwekea tafakuri kitabu kizima ndani ya Ihya, na Ibn al-Qayyim akaieleza kwa urefu katika Miftah Dar as-Saada. Wanazuoni hawa wawili walihitilafiana katika mengi, lakini katika hili neno lao ni moja.

Tofauti iko wapi, basi? Wengi wa wafundishao mambo haya leo humwambia mtu aumwage moyo wake mpaka usibakie na kitu. Tafakuri yetu haiumwagi moyo, bali huujaza. Ina kitu inachokitazama, na ina mahali inapokwenda. Ama kutuliza pumzi peke yake, hilo ni pumziko la mwili, kama kulala adhuhuri. Si dhambi, wala si ibada.

Tuchukue mfano wa bara ya nchi yetu ya Kenya, katika Meru na Embu. Baina ya miji hii miwili umesimama mlima wenye urefu wa mita 5,199, ambao watu wa Embu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimaara. Hapo kale ulikuwa mlima wa moto, na moto wake umezimika tangu zamani za mbali mno. Wazee wa huko walikuwa wakisimama kuomba na nyuso zao zimeuelekea. Tuwafanyie insafu: hawakusema kuwa jiwe lile ndilo Mungu. Walisema kuwa Mungu ana makao yake pale. Hata hivyo, ndani ya neno hilo mna mtego, na Muislamu aishiye huko humlazimu autambue.

Tazameni, ndugu zetu. Embu iko kusini-mashariki ya mlima. Muislamu wa Embu akisimama kuelekea Makka, ambayo iko kaskazini yake, kilele huwa mbele yake, kushoto kidogo. Mpita njia asiyejua huweza kudhani kuwa naye anauswalia mlima. Lakini Meru iko kaskazini-mashariki ya mlima. Muislamu wa huko akielekea Makka iyo hiyo, mlima huwa nyuma yake. Huyu ameukabili, na yule ameupa mgongo, na swala zao ni moja. Hapa wadhihirika ukweli wa mambo: mlima ni ishara ya kumjulisha Muumba, wala si kibla cha kuelekewa.

Na ishara hii yataka macho. Mwaka 1849 Krapf, mmishionari aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huu kutoka Kitui, akatoa khabari kuwa una theluji. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki, maana waliona haiwezekani kuwa na theluji katika mstari wa ikweta. Hata mwaka 1883 msafiri Thomson akaenda akaithibitisha. Waliokaa vitini na dhana zao walikanusha neema iliyokuwa wazi. Na wangapi kati yetu huswali miaka 40, na moyo haujatoka kitini mwake?

Tena ishara hii yasema jambo la pili. Barafu iitwayo Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani humo, ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake baina ya mwaka 1934 na 2010, kwa sababu ya kugeuka kwa hali ya hewa. Nabii Ibrahim aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipotua alijua kuwa kituacho si Mola. Na barafu nayo yayeyuka mbele ya macho yetu. Kipunguacho hakiabudiwi.

Wako watakaosema: Kama ni hivyo, twende tukakae mapangoni, kwani Mtume alikaa pango la Hira. Ni kweli, alikaa huko kabla ya utume. Lakini wahyi ulipomjia aliteremka. Alikwenda kwa watu wake, akalingania, akaoa, akaamua baina ya wagomvi, akawalisha wenye njaa. Upweke aliotuachia ni wa itikafu, nao huwa msikitini, si pangoni. Mwenye kuacha kazi na watoto wake bila ya matumizi, akasema anautafuta mwangaza, ameuacha mwangaza nyumbani kwake.

Atakaye kuanza, na afuate njia hii nyepesi. Kwanza, achague wakati mmoja, na bora ni baada ya swala ya Alfajiri kabla ya shughuli za dunia. Pili, achukue ishara moja tu. Tatu, aifuate hatua kwa hatua mpaka imfikishe kwa Muumba. Nne, airejeshe nafsini mwake na kujihesabu. Tano, asiinuke ila amekwisha kuazimia tendo moja.

Mfano wake ni huu. Mvua hunyesha katika misitu ya mlima ule. Msitu huyashika maji na kuyaachilia kidogo kidogo katika mito kama Kathita ya Meru na Rupingazi ya Embu. Mito hiyo huingia mto Tana, ambao huendesha mitambo ya umeme, ukiwamo ule wa Kindaruma wa mwaka 1968 na ule wa Masinga wa mwaka 1981. Kisha Tana huteremka mpaka Kipini, ukaingia baharini kwetu. Basi taa uwashayo na mpunga wa watu wa Tana una fungu lake katika mlima ambao huenda hujauona maishani. Ni nani aliyeyapanga haya? Na wewe unayenufaika, umeshukuru kwa nini?

Swali hili la mwisho ndilo mizani. Tafakuri isiyozaa tendo ni ndoto ya mchana. Mwenye kuyafikiri maji, na aache kuyamwaga ovyo anapotawadha. Mwenye kuufikiri msitu, asinunue mkaa wa miti iliyokatwa kwa wizi. Mwenye kujifikiri nafsi yake, na akalipe deni alilokuwa akilikwepa.

Na enyi wazee wenzetu, wafunguliene vijana mtungi huu kabla hawajakata tamaa na nyumba yenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zenye kuona. Wabillahi taufiki.