Mtajie Daktari Milola

Anayehama Lindi kwenda London, Toronto au Minneapolis hupewa ushauri mwingi kuhusu baridi, kodi ya nyumba na karatasi za uhamiaji. Habari za afya huishia kwenye bima na koti zito. Ushauri huo una pengo. Ukishajiandikisha kwa daktari wa mtaa wako mpya, mweleze ulikokulia hata kama huumwi: Milola, vijijini Lindi, na kama ulioga mabwawani au ulilima mpunga pekupeku, yataje hayo pia. Usingoje akuulize. Madaktari wengi wa huko hufuata malalamiko ya mgonjwa, na maradhi yanayozungumzwa hapa hukaa miaka bila kumfanya mtu alalamike.

Mnyoo wa kichocho huishi mwilini miaka kadhaa, pengine miongo. Hilo lisingewezekana kama angekuwa anapigana na kinga ya mwili kila siku. Yeye huituliza: huchochea chembe za damu ambazo kazi yake ni kupoza mapambano, kisha hutaga mayai yanayoendelea kuumiza kibofu taratibu. Minyoo ya matende, inayojulikana sana Kilwa na Lindi kwa sababu ya mabusha, hutumia ujanja wa namna hiyo hiyo. Hatari zaidi kwa mhamiaji ni strongiloidi, mnyoo mdogo anayeingilia nyayoni kutoka kwenye udongo na anayeweza kuzaliana ndani ya mtu yule yule bila kutoka nje. Wanajeshi waliofungwa na Wajapani kwenye ujenzi wa reli ya Burma katika Vita Kuu ya Pili walikutwa nao zaidi ya miaka thelathini baada ya kurudi kwao. Kinga ikiwa imara, minyoo hii hubaki michache. Lakini daktari asiyejua historia yako akikuandikia prednisoloni, dawa inayopunguza kinga, kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, ulinzi huo hulegea, minyoo husambaa hadi kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa. Ndiyo maana mwaka 2020, deksamethasoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, ilipoanza kutumika kwa wagonjwa mahututi wa korona, wataalamu walihimiza wanaotoka nchi zenye mnyoo huyu wapimwe au wapewe ivermectin mapema.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka kwa Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao ni wazao wa Wazigua, Wayao na Wamakua waliouzwa utumwani karne ya 19, baadhi yao kupitia Kilwa. Marekani ilianza kuwapokea kwa maelfu kutoka kambi za Kenya mwaka 2003. Damu zao zilipopimwa, asilimia 73 walionyesha dalili za kuambukizwa kichocho, na asilimia 23 strongiloidi. Kwa vijana wa Sudan waliotangulia kupelekwa huko, takwimu zilikuwa asilimia 44 na 46. Hawa walikuwa watu wanaokwenda kazini na shuleni, si wagonjwa waliolazwa.

Wapo watakaosema: mbona nilipimwa kabla ya viza? Picha ya kifua inayodaiwa na Uingereza hutafuta TB ya mapafu iliyokwisha kuamka, yaani ile inayoweza kuambukiza wenyeji. Imewekwa kwa ajili yao zaidi kuliko kwa ajili yako. TB iliyolala haionekani humo, na wahamiaji wengi wanaougua TB huugua baada ya kufika, hasa miaka ya mwanzo. Kipimo chake ni cha damu au cha ngozi. Homa ya ini B nayo inataka kipimo chake. Wengine watasema walimezeshwa dawa shuleni. Kingatiba imesaidia sana, ila kidonge kimoja cha albendazole hakitoshi kumaliza strongiloidi, na praziquantel haiui minyoo michanga ya kichocho wala haimzuii mtu kurudi bwawani wiki inayofuata. Pingamizi la kisomi zaidi ni kwamba minyoo hupunguza mzio. Kweli, watoto wenye kichocho waliochunguzwa Gabon hawakuitikia sana vumbi la nyumbani kwenye kipimo cha ngozi. Lakini kichocho hicho hicho husababisha saratani ya kibofu, na hiyo ni bei kubwa mno ya kuepuka mafua ya mzio.

Hofu ya kuonekana mchafu, au ya kurudishwa, ni nzito kuliko hoja hizo zote, na haifai kubezwa. Ila nchini England matibabu ya TB hayalipiwi hata na asiye na kibali. Taja pia kila nchi ulikopita, kwa sababu mtu aliyeishi misitu ya Kongo anaweza kuwa na mnyoo wa loa, na kwake ivermectin ni dawa ya kutolewa kwa tahadhari.

Kuhama huibadili kinga kwa upande wa pili pia. Mwili uliozoea malaria tangu utotoni huanza kuusahau ugonjwa huo usipoumwa na mbu wenye vimelea. Ukirudi Milola harusini baada ya miaka kadhaa, meza dawa ya kuzuia malaria kama mtalii yeyote, na watoto waliozaliwa ughaibuni, ambao hawajawahi kuwa na kinga hiyo hata kidogo, walale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza.