GIT CLONE: KUCHUKUA KAZI PAMOJA NA HISTORIA YAKE

Somo letu safari hii linahusu amri moja ya kompyuta ambayo kila anayejifunza kutengeneza programu hukutana nayo mapema: git clone.

Kwanza ifahamike Git ni nini. Ni programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, yaani yale maandishi ambayo kwayo programu huundwa. Ilianzishwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, baada ya mafundi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo walichokitegemea. Linux ndiyo kiini cha simu za Android tulizo nazo mifukoni.

Sasa tuje kwenye amri yenyewe. Ukifungua dirisha la amri, ukaandika git clone, kisha anwani ya hazina ya msimbo iliyoko kwenye seva ya mbali, Git huunda folda katika kompyuta yako na kuijaza faili. Wengi huishia hapo, wakadhani ni sawa na kupakua picha. La. Ndani ya folda hiyo mna nyingine iliyofichwa, iitwayo .git, na humo ndimo ilimo historia nzima: nani alibadilisha nini, lini, na aliandika sababu gani. Andika git log, utayasoma hayo hata intaneti ikiwa imekatika.

Huenda mwanafunzi akauliza: historia yote hiyo ya nini, nami nataka programu tu? Jibu tunalipata katika tukio la Agosti 2011. Wavamizi waliingia katika seva za kernel.org, ambako msimbo wa Linux huhifadhiwa. Hofu ilikuwa kubwa, kwani mstari mmoja wa hila ungeweza kuenea duniani. Lakini Git huipa kila rekodi alama ya kuhakiki ya herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya rekodi iliyotangulia. Ukigusa neno la zamani, alama zote zinazofuata hubadilika. Na mafundi wengi walikuwa na nakala kamili katika kompyuta zao, hivyo udanganyifu ungeonekana pale wanapolinganisha. Tovuti ilifungwa kwa wiki kadhaa, kazi haikusimama. Septemba hiyo Torvalds aliiweka Linux GitHub na watu wakaendelea kuichukua.

Kwa mwenye bando dogo, historia ya Linux huzidi gigabaiti 1. Akiongeza --depth 1 katika amri atapata hali ya mwisho tu. Yafaa kwa kuonja, ila ulinzi tuliouleza hanao.

Tena alama ile huthibitisha kwamba nakala haikuguswa, haithibitishi kwamba aliyeiandika ni mwaminifu. Hili wazazi walizingatie pia. Kabla ya kuendesha programu ya mtu usiyemjua, soma faili ya README na leseni, tazama ni nani wanaoitunza, na usiiendeshe kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta.

Zoezi la nyumbani: nakili hazina ya Git yenyewe, github.com/git/git, bila kupunguza historia. Kisha andika git log --reverse, utafute rekodi ya Aprili 7, 2005, usome Torvalds aliiitaje kazi yake siku hiyo.